Kosa la Mwanafunzi Ndilo Somo la Mwalimu

Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu wa sekondari, wakufunzi wao na walimu wa shule za mazoezi

 

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mwalimu wa sekondari. Mada ni pana. Mtu angeweza kuzungumzia mishahara, nyumba za walimu au ajira, na yote yangekuwa ya haki. Mimi nitashika jambo moja tu. Mwanachuo wetu anafundishwa somo lake, na anafundishwa ualimu. Kinachokaa katikati ya hivyo viwili hakifundishwi vya kutosha: namna mwanafunzi anavyokosea, na sababu inayomfanya akosee hivyo na si vinginevyo. Nitajaribu kuonyesha kwamba mwalimu hupatikana hapo, au hupotea hapo hapo.

Naomba kwanza tutofautishe mambo mawili. Mwanafunzi anayejua kuzidisha lakini akaandika 54 mahali pa 56 kwa sababu kengele imeshalia, huyo ameteleza. Huyo mwonyeshe tu, atajisahihisha. Lakini mwanafunzi anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano hakuteleza. Amejumlisha tarakimu za juu peke yake na za chini peke yake, na atafanya vivyo hivyo kesho na keshokutwa, kwa sababu anafuata kanuni. Kanuni yake si sahihi, lakini ni kanuni. Kosa la namna hiyo lina akili ndani yake, na ndilo ninalotaka tulizungumzie.

Miaka kumi na mitatu ya kutazama

Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Chicago, Dan Lortie, alitoa kitabu kuhusu maisha ya walimu wa Marekani. Humo alieleza jambo linalotuhusu hata sisi: ualimu ni kazi ambayo mtu huitazama kwa miaka mingi kabla hajaanza kuisomea. Anayekwenda kusomea uhandisi hajashinda na wahandisi utoto wake wote. Lakini wewe mwanachuo ulikaa miaka saba shule ya msingi, minne kidato cha kwanza hadi cha nne, na miwili kidato cha tano na sita. Kwa miaka kumi na mitatu ulimtazama mwalimu akifanya kazi.

Ulimtazama, lakini kutokea kwenye dawati. Uliona chaki, ukasikia sauti, ukajua nani mkali na nani mpole. Hukuona alivyochagua mfano huu akaacha ule. Hukujua kwa nini alimwinua mwenzako wa dirishani badala yako. Kazi ya mwalimu iliyo kichwani mwake haionekani kutokea kwenye dawati.

Matokeo yake tunayaona kila msimu wa mazoezi. Mwanachuo aliyefaulu vizuri nadharia za ufundishaji anasimama mbele ya kidato cha pili, anabanwa kidogo, mara anakuwa nakala ya mwalimu wake wa zamani. Anageukia ubao, anajaza nukuu, kisha anauliza, “Mmeelewa?” Darasa zima linaitikia, “Ndiyooo!” Naye anaendelea na mada inayofuata. Swali hilo halijamletea habari yoyote. Aliyeelewa ameitika, asiyeelewa ameitika, na aliyekuwa amesinzia ameamshwa na kelele akaitika pia.

Somo upande huu, ualimu upande ule

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kuandaa walimu wa sekondari mwaka 1964, kilichagua njia ambayo tunaifuata hadi leo: mwanachuo asome masomo yake ya kufundishia na ualimu kwa pamoja, tangu mwaka wa kwanza, badala ya kumaliza shahada kwanza ndipo ajifunze kufundisha. Ulikuwa uamuzi wa busara. Nchi ilikuwa changa, shule zake nyingi za sekondari zilitegemea walimu wa kigeni, na ilihitajika njia ya kupata walimu wazalendo bila kuwapunguzia elimu.

Lakini kusoma vitu viwili kwa wakati mmoja si sawa na kuviunganisha. Asubuhi mwanachuo yuko kwa wanafizikia, anakokotoa. Mchana yuko kwa wanaelimu, anasoma saikolojia, falsafa ya elimu, mitaala na upimaji. Mwanafizikia hamwambii mtoto wa miaka kumi na mitano hukwama wapi katika fizikia, kwa sababu anaona hiyo si kazi yake. Mwanasaikolojia naye hasemi, kwa sababu si mtu wa fizikia. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na kazi ya kuunganisha ameachiwa kijana ambaye hajafundisha hata kipindi kimoja.

Mwaka 1986 Lee Shulman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika makala iliyosema wazi kwamba mwalimu ana ujuzi wa aina yake, usio wa somo peke yake wala wa mbinu peke yake. Ni ujuzi wa somo lile lile, likitazamwa na mtu anayetaka mwingine alielewe: mifano ipi inafungua, maelezo yapi yanapotosha, na wanafunzi wa umri fulani huja darasani na mawazo gani tayari. Naomba niueleze kwa mifano ya kwetu.

Chukueni fizikia. Mwanafunzi amerusha embe juu moja kwa moja. Mwalimu anauliza: likifika kileleni, pale linaposimama kabla ya kushuka, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi watasema sifuri. Mwalimu ambaye hakuandaliwa anasema, “Kosa. Mwingine?” Anazunguka darasa mpaka ampate aliyekariri jibu, anampigia makofi na kusonga mbele. Mwalimu aliyeandaliwa anajua jibu la sifuri limetoka wapi. Mtoto huyu amesukuma mkokoteni. Anajua ukiacha kusukuma, unasimama. Maisha yamemfundisha kwamba penye mwendo pana kani, na penye utulivu hakuna kani. Wazo hilo liliwatawala wasomi tangu enzi za Aristotle hadi Galileo na Newton walipolipindua, kwa hiyo tusishangae likiwa bado linaishi kidato cha tatu. Mwalimu huyu hatasema “kosa”. Atauliza swali moja: “Kama kasi yake ni sifuri, na hakuna chochote kinachoibadili kasi hiyo, embe litaanzaje kushuka?” Kisha atanyamaza, awaache wabishane.

Msidhani mambo haya ni ya sayansi tu. Mwanachuo wa Kiswahili huja chuoni akiamini somo lake ni jepesi kwa kuwa ni lugha aliyokua nayo. Siku moja kidato cha kwanza kitamuuliza: “Mwalimu, umesema rafiki yuko katika ngeli ya A-WA, maana ni kiumbe hai. Mbona tunasema rafiki yangu na si rafiki wangu?” Asiye na maandalizi atajibu, “Ndivyo lugha ilivyo.” Aliyeandaliwa atafurahi, kwa sababu mtoto ameitumia kanuni aliyofundishwa mpaka mwisho wake. Atawaambia walete mifano: mama yangu amefika, kaka yangu anasoma, ndugu zangu wamekuja, halafu mtoto wangu, mwalimu wangu, mgeni wangu. Darasa litaona lenyewe kwamba majina haya ya udugu na uhusiano, yasiyo na kiambishi cha m- au wa-, kitenzi chake hufuata maana ya uhai, lakini kimilikishi hubaki na umbo la I-ZI. Swali lililoonekana la utundu limezaa sarufi ya kipindi kizima.

Na historia. Mkifika kwenye Vita vya Majimaji, mwanafunzi atasema wale watu walikuwa wajinga, waliamini maji yangegeuza risasi. Kumkaripia hakusaidii, wala kumhubiria uzalendo. Kosa lake ni la kihistoria hasa: anawahukumu watu wa 1905 kwa kutumia habari za matokeo ambazo wao hawakuwa nazo. Mrudishe kule. Milima ya Umatumbi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, maakida na viboko vyao. Mweleze kwamba wenyeji wa Nandete walianza kwa kung'oa pamba, kisha muulize: kwa nini pamba, kwa nini wasianze na boma? Muulize pia ni kitu gani kingeweza kuwaunganisha Wamatumbi, Wapogoro na Wangoni, watu wasiokuwa na mtawala mmoja, dhidi ya Mjerumani. Hapo ujumbe wa Kinjekitile, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji hayo, utaanza kuonekana kwake kama jambo la siasa, na mwanafunzi atakuwa amejifunza kufikiri kihistoria.

Katika mifano yote mitatu, mwalimu alihitaji kulijua somo kwa undani kuliko linavyohitajika kujibu mtihani. Wanaosema mwalimu wa sekondari hahitaji kusoma sana somo lake, wanakosea. Na wanaosema akilijua somo inatosha, nao wanakosea.

Gharama ya haraka

Historia yetu ya karibu inaonyesha tulivyolipuuza jambo hili kila tulipobanwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009 ulieneza shule za kata nchi nzima. Shule za sekondari zilikuwa takriban 1,300 mwaka 2004. Kufikia 2009 zilizidi 4,000. Watoto ambao kaka na dada zao waliishia darasa la saba walipata nafasi, na hilo ni jema lisilopingika. Mwaka 2005 vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa vilianzishwa ili kuongeza wahitimu. Lakini madarasa hujengwa haraka kuliko walimu. Pengo likazibwa kwa kuwachukua waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa vijijini. Mtaani wakaitwa “Voda Fasta”.

Jina lile lilikuwa la dhihaka, na mimi silipendi, kwa sababu vijana wale walikwenda mahali ambapo wengine walikataa kwenda. Wengi walijiendeleza baadaye. Lawama si yao. Ila tuulize: katika zile wiki chache, ni nini kilichokatwa? Somo walikuwa nalo kutoka kidato cha sita. Kuandika azimio la kazi na andalio la somo walifundishwa. Kilichokatwa ni muda wa kukaa na wanafunzi chini ya jicho la mwalimu mzoefu.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kumtupia mwalimu peke yake mzigo ule. Lakini miaka miwili tu baadaye tukajaribu tena njia ya mkato: stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati kwa waliomaliza kidato cha nne, iliyotolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016 wanafunzi wake, zaidi ya 7,000, wakaamriwa kurudi nyumbani, na wengi wa waliochaguliwa kuendelea wakapelekwa vyuo vya ualimu. Kila mara upungufu ulihesabiwa kwa vichwa, na dawa ikatafutwa kwa vichwa.

Leo hali ni nyingine. Wahitimu wengi wa masomo ya sanaa wanakaa miaka wakisubiri ajira, na usaili umekuwa na ushindani mkubwa. Shule nazo zinaendelea kutafuta mwalimu wa fizikia na wa hisabati. Kwa masomo ya sanaa, basi, haraka haina tena kisingizio. Tunao muda wa kumwandaa mtu sawasawa.

Lugha inavyoficha kosa

Siwezi kuzungumzia makosa ya wanafunzi wetu nikaruka suala la lugha. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta wengi wa sekondari hawana kiwango cha kujifunzia masomo mengine. Mjadala wa lugha ipi itumike una wataalamu wake. Mimi naugusa kwa upande mmoja: lugha ngeni humfichia mwalimu kosa.

Hulificha kwa njia mbili. Mwanafunzi anaweza kuwa na wazo sahihi akalisema kwa sentensi iliyovunjika, mwalimu akasikia kuvunjika tu. Au anaweza kutoa sentensi kamilifu isiyo na wazo lolote ndani yake. Hii ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa inapata alama. Mwulize mwanafunzi wa biolojia fasili ya usanisinuru. Ataitiririsha kwa Kiingereza bila kuacha neno. Kisha mwulize kwa Kiswahili: ule mwembe pale nje, mbao zake zote zile zimetoka wapi? Atajibu, “Kwenye udongo, mwalimu.” Hapo utajua fasili na wazo havijawahi kukutana kichwani mwake.

Msimcheke. Katika kazi yake iliyochapishwa 1648, Jan van Helmont alieleza kwamba alipanda mti katika udongo alioupima, akaumwagilia kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya ratili 160. Udongo ulipungua wakia mbili hivi. Akahitimisha kuwa mti umetokana na maji. Naye hakufika, maana sehemu kubwa ya ubao hutokana na hewa ya kabonidayoksaidi, lakini alikosea kwa namna iliyosogeza elimu mbele. Kisa hicho kimoja, na swali moja la Kiswahili, vingemfaa mwanachuo wa biolojia kuliko kurasa nyingi za nukuu.

Mazoezi ya kufundisha yalivyo na yanavyoweza kuwa

Tuje kwenye mazoezi ya kufundisha, mahali ambapo ujuzi huu ungepaswa kuzaliwa. Sote tunajua yanavyokwenda. Mwanachuo anaripoti na jalada lake. Mwalimu mwenyeji, aliyelemewa na vipindi, anashukuru Mungu, anamkabidhi madarasa yote na kwenda kushughulikia mengine. Siku mkufunzi anapokuja kukagua, anakaa nyuma. Anatazama andalio la somo, zana, bangokitita la manila, sauti, mpangilio wa ubao, mavazi. Wanafunzi, kwa huruma yao, wananyoosha mikono kwa wingi kuliko siku zote. Baada ya dakika arobaini anajaza fomu, anatoa maoni chini ya mti, anapanda gari.

Karibu kila kitu kwenye fomu ile kinamhusu mwalimu anachofanya. Ni kidogo sana kinachouliza wanafunzi walifikiri nini. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti kubwa.

La kwanza ni daftari la makosa. Kila mwanachuo aende mazoezini na daftari ambalo kila siku ataandika kosa moja lenye mantiki alilokutana nalo: maneno ya mwanafunzi kama alivyoyasema, sababu anayoidhani, na alichofanya kesho yake. Mkufunzi alikague na kulipa alama nzito kuliko zana.

La pili ni wanachuo kufundisha wawili wawili. Mmoja afundishe, mwingine awatazame wanafunzi tu, asimtazame mwenzake, kesho wabadilishane. Walimu wa Japani wamelelewa muda mrefu katika desturi ya kuandaa somo kwa pamoja na kuwachunguza wanafunzi linapofundishwa. Kenya ilianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi walio kazini, ukimtaka mwalimu apange, afanye, atazame na aboreshe. Sisi tunayo MEWAKA, mafunzo endelevu kwa walimu kazini, yenye jumuiya za kujifunza mashuleni. Mwanachuo wa mazoezi aingizwe kwenye jumuiya hizo, asiachwe ofisini akisahihisha madaftari peke yake.

La tatu ni kusoma taarifa za Baraza la Mitihani. Baada ya mitihani, NECTA huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, pamoja na vielelezo vya majibu yenyewe kwa mwandiko wa watahiniwa. Ni hazina ya makosa ya nchi nzima, inapatikana bure, na wanachuo wengi humaliza masomo hawajaifungua. Mhadhiri wa somo na mhadhiri wa ufundishaji wakae meza moja na wanachuo, waisome pamoja. Hapo ndipo asubuhi ya mwanachuo na mchana wake vitakapokutana.

La nne ni mwalimu mwenyeji. Daktari hafanyi kazi peke yake kabla ya kuhudumu mwaka mzima chini ya wakubwa wake hospitalini. Anayetaka kuwa wakili hupitia mafunzo ya sheria kwa vitendo. Mwalimu huripoti Jumatatu, na Jumanne anakabidhiwa vipindi. Mwalimu mwenyeji ndiye daktari bingwa wetu, lakini hatumpunguzii vipindi, hatumpi posho, wala hatumtaji kwenye ripoti. Apewe vyote vitatu.

Najua nitaulizwa: darasa lina wanafunzi themanini, nitasikiliza makosa themanini saa ngapi? Jibu ni kwamba makosa yenye mantiki hayawi themanini. Uliza swali moja lililochaguliwa vizuri, kisha pitia madaftari kumi. Utakuta majibu yamejipanga katika mafungu matatu au manne. Darasa kubwa linahitaji mwalimu anayejua mafungu hayo kabla hajaingia.

Na kuna sharti moja lisilokwepeka: mwanafunzi asichapwe kwa kukosea. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne na kuyaweka mamlaka kwa mkuu wa shule, ili adhabu hiyo iwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Hakuna mahali zinaporuhusu kumchapa mtoto kwa jibu lisilo sahihi. Mwanafunzi anayepigwa kwa kukosea hajifunzi kupata, hujifunza kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa mtihani wa taifa humuumbua, ukiwa umeshachelewa kumsaidia.

Wanachuo, namalizia na ninyi. Mtaala mpya umeanza kutekelezwa kwa awamu tangu 2024, nao unadai ujuzi kuliko kukariri. Miaka yote tumebadili mihtasari, tumebadili vitabu, na mabadiliko hayo yote huishia kwenye mlango wa darasa, mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo nawaachia kazi. Kesho, kabla hujaandika andalio jingine, chukua swali moja la somo lako la kidato cha pili. Andika jibu sahihi. Kisha andika majibu matatu yasiyo sahihi ambayo mwanafunzi makini, asiye mzembe, angeweza kuyatoa, na kwa kila moja eleza njia aliyopita hadi akafika hapo. Ukiweza, nenda kafundishe mada hiyo. Ukishindwa, basi hata kama ulipata A katika mtihani wako, mada hiyo bado hujaiva kuifundisha. Rudi kwenye vitabu, rudi kwa wanafunzi, uulize tena.